Piano, Bibi na Sauti za Ziwa Letu

Siku nyingi kidogo sijaandika chochote hapa, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo siandiki siasa, siandiki bei ya sangara wala mashimo ya barabara zetu. Leo nataka tuzungumze kuhusu piano. Najua wapo watakaoguna na kusema, "Piano? Huyu kijana wa Mwanza naye kaanza uzungu!" Naomba uvumilivu wenu. Mkifika mwisho mtaona kuwa nazungumzia bibi yangu, nazungumzia ziwa letu, na nazungumzia jambo ambalo linatuponyoka mikononi huku tukitazama.

Mimi nilijifunza kinanda parokiani, kama vijana wengi wa Kanda ya Ziwa. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu mzima mpole, mwenye vidole virefu na daftari kuukuu lililojaa do, re, mi kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja alinipa karatasi chache zilizotolewa fotokopi, zimefifia, akasema, "Hizi ni ndogo ndogo, zitakunyoosha vidole." Zilikuwa kurasa za Mikrokosmos, kazi ya Mhungaria Béla Bartók. Ni mkusanyiko wa vipande 153 vya piano, aliovitunga kati ya mwaka 1926 na 1939, kuanzia vya mtoto anayeanza hadi vya fundi aliyekomaa. Vingi havifiki hata dakika moja. Unaanza, unashangaa, kimekwisha!

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba havikufanana na nyimbo tulizozoea kanisani. Kipande cha 32 kiko katika modi ya Doria. Cha 34 kiko katika modi ya Frigia. Nikamuuliza mwalimu, modi ndiyo nini? Hakunipa nadharia. Alinionyesha kwenye kinanda, nami nitawaonyesha ninyi vilevile. Gusa vibonyezo vyeupe tu, panda kutoka do hadi do ya juu. Hiyo ndiyo ngazi tuliyoizoea, ya nyimbo za furaha na za gwaride. Sasa acha vibonyezo vilevile vyeupe, lakini anzia re na uishie re. Umeona? Sauti imebadilika uso, imekuwa na huzuni fulani ya kizamani. Hiyo ni Doria. Anzia mi uishie mi, hapo una Frigia, yenye giza zaidi. Kisha gusa vibonyezo vyeusi peke yake. Ni vitano tu katika kila oktava, na vinatoa ngazi ya sauti tano. Basi kila ngazi ya namna hiyo, pamoja na mahali unapoanzia na unaporudi kupumzika, ndiyo modi. Ni kama nyumba ileile ambayo unaweza kuingilia mlango wa mbele, wa nyuma au wa uani, na kila mlango unakupa sura nyingine ya sebule.

Nilipoonja ngazi ile ya vibonyezo vyeusi, niliruka. Nikasema, huyu bibi yangu huyu!

Bibi yangu alikuwa anakaa Magu. Alikuwa na wimbo wake wa kulimia ambao aliuimba msimu wa kutayarisha mashamba, mwingine wakati wa kupura mtama, na mwingine wa kubembeleza watoto. Ule wa kulimia niliujua tangu nikiwa mdogo. Basi likizo moja nikabeba kinanda kidogo cha betri hadi Magu, nikakiweka juu ya kinu kilichofunikwa ubao, nikamwambia, "Shikamoo bibi, leo nakupigia wimbo wako." Akaitikia marahaba, akavuta kigoda, akasikiliza kwa heshima zote. Nilipofika sauti ya tatu akainua mkono.

"Hapo umepanda sana, mjukuu wangu."

Nikashuka kibonyezo kimoja. Akatikisa kichwa.

"Hapo umeshuka sana."

Nikapanda tena. "Umepanda." Nikashuka. "Umeshuka." Tulifanya hivyo hadi wajomba wakaanza kucheka. Bibi hakuwa anakosea, ndugu zangu. Aliimba mara tano, na mara zote tano sauti yake ilikaa palepale, katikati ya vibonyezo viwili, mahali ambapo kwenye kinanda hakuna kitu. Ni mwanya tu.

Mwanya huo umenisumbua kwa miaka. Umenifanya niulize: piano ilifikaje ziwani kwetu, ilikuta nini, na nini kilitokea baina ya hivyo viwili?

Tuanzie Bukumbi, kusini kidogo ya Mwanza. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walijenga misheni hapo mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda kwa muda mwishoni mwa mwaka 1882. Walikuja na imani, na imani hiyo ilikuja na muziki wake. Muziki rasmi wa Kanisa Katoliki ulikuwa wimbo wa Gregori, unaoimbwa kwa sauti moja bila kupambwa na sauti nyingine chini yake. Sasa sikilizeni jambo hili: wimbo wa Gregori umejengwa juu ya modi nane! Doria na Frigia ni katika familia hiyo. Tena mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi aliandika waraka wa kusisitiza kwamba wimbo huo ndio kipimo cha muziki wote wa kanisa. Kwa hiyo wazee wetu wa kwanza waliobatizwa kando ya ziwa hawakukutana kwanza na do-mi-so ya gwaride. Walikutana na muziki wa modi, kama wao wenyewe walivyokuwa na muziki wa modi.

Na kwa bahati ya historia, katika muongo huohuo huko Paris alikuwepo kijana mmoja maskini aliyeitwa Erik Satie, mzaliwa wa mwaka 1866. Alipenda wimbo wa Gregori na makanisa ya kale, akaandika vipande vifupi vinne vya piano vinavyoitwa Ogives, vilivyochapishwa mwaka 1889. Mwaka 1888 aliandika Gymnopédies tatu, ambazo hata asiyejua jina la Satie amewahi kuzisikia kwenye filamu au tangazo. Ni vifupi, ni vya polepole, na vinazunguka palepale bila haraka ya kufika. Wakati huo Ulaya ilikuwa imechoka na muziki wa makelele na ukubwa. Satie alirudi nyuma kuchukua modi za zamani, na kwa kurudi huko akafungua njia mpya.

Kwetu mambo yalienda upande mwingine. Vinanda vya upepo vya makanisani, na baadaye vya umeme, vilikuja vimekwisha kulinganishwa kiwandani. Oktava imegawanywa vipande 12 vilivyo sawa, basi. Kwaya zikazoea nyimbo za sauti nne na ngazi mbili, ya furaha na ya huzuni. Modi zikabaki kwa wazee wachache waliokumbuka Kilatini, na kwa akina bibi huko mashambani. Masikio yetu yakafunzwa taratibu kwamba kisichoingia kwenye kinanda ni "kuimba nje". Mimi mwenyewe, siku ile Magu, sekunde ya kwanza niliwaza kwamba bibi amezeeka, sauti imemwisha. Mungu anisamehe.

Hata hivyo si wote waliokaa kimya. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukafika Kisesa, kuna kilima cha Bujora. Hapo katika miaka ya 1950 padri mmoja kutoka Quebec, Kanada, aitwaye David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianza kazi ambayo watu wengi wakati ule waliiona ya ajabu. Pamoja na wazee na waimbaji wa Kisukuma alikusanya ngoma, viti vya watemi, hadithi na nyimbo, na muziki wa Kisukuma ukaingizwa kwenye ibada. Kanisa la Bujora lina sura ya nyumba ya mtemi. Sikukuu ya Ekaristi ikaungana na mashindano ya Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja na umati huamua mshindi kwa miguu yake, kwa kwenda palipo na mvuto zaidi. Haya yote yalianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutangaza, tarehe 4 Desemba 1963, kwamba katika nchi za misheni muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Padri Clement alifariki mwaka 1986, lakini Bujora ipo hadi leo, nami kila nikienda natoka nimejifunza kitu.

Tatizo langu lilikuwa moja. Bujora ni ngoma, ni sauti za watu wengi, ni jembe na nyoka na vumbi. Ni muziki wa uwanja. Mimi nilikuwa natafuta kitu kidogo, kipande kifupi cha mtu mmoja na chombo chake, chenye modi yake. Je, ziwa letu lina kitu kama hicho?

Linacho. Upande wa magharibi, Buhaya na hata visiwani Ukerewe, kuna nanga: ubao uliochimbwa kama hori dogo, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa mara kadhaa kutoka ncha hadi ncha. Mtu mmoja anakaa, anachuna, anaimba habari za mashujaa. Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwaandikia watambaji hao wa nanga kwa kirefu, na mwaka 1983 alichapisha makala ya kuuliza kama wao nao ni watunzi wa tenzi kubwa za kishujaa kama wale wa mataifa mengine.

Lakini jibu lililonitoa usingizini nililipata nilipovuka ziwa hadi kaskazini. Katika ikulu ya Kabaka wa Buganda palikuwa na marimba iitwayo amadinda. Ina mbao 12, zinalazwa juu ya magogo mawili ya migomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga nota zake kwa mwendo usiobadilika, wa pili anaingiza zake katikati ya zile za kwanza, kama meno ya zipu. Wa tatu ana mbao mbili tu za juu kabisa, na kazi yake ni kuchagua kutoka katika mchanganyiko ule sauti fulani na kuzirudia juu. Wimbo mmoja una mzunguko mfupi, mathalani nota 24, 36 au 48, unaorudiwa na kurudiwa. Na katika mzunguko huo masikio yako yanasikia nyimbo ndogo ambazo hakuna hata mmoja wa wale wapigaji anayezipiga peke yake! Zinatokea tu, kutokana na mchanganyiko.

Na modi je? Waganda wana neno lao: muko, kwa wingi miko. Wimbo uleule unaweza kuhamishwa ukaanzia ubao mwingine, na kwa kuwa ngazi ina sauti tano, kuna milango mitano ya kuingilia. Kila muko unaupa wimbo sura mpya. Ni kama vile vibonyezo vyeupe vya mwalimu wangu, kutoka re hadi re, kutoka mi hadi mi. Kwa maneno mengine, pwani ya ziwa hili ilikuwa na vipande vifupi vya modi, vya chombo chenye mbao zilizopangwa mbele ya mpigaji kama vibonyezo, hata kabla piano ya kwanza haijashushwa bandarini.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mwaka 1955 Mganda mmoja msomi wa muziki, Joseph Kyagambiddwa, alichapisha kitabu kuhusu muziki wa chimbuko la Nile, chenye nyimbo nyingi za amadinda zilizoandikwa. Ni huyuhuyu aliyetunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Kisha mwaka 1959 alifika kijana kutoka Vienna, Gerhard Kubik. Hakuja kama bwana mkubwa. Alikaa chini kama mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, akajifunza kupiga, na mwaka 1960 akachapisha maelezo ya jinsi nyimbo hizo zinavyojengwa.

Miaka sita baadaye, tarehe 24 Mei 1966, jeshi la Obote likiongozwa na Idi Amin lilishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa, na ule wa Buganda haukurudi hadi 1993. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika, na ala za ikulu ziliteketea. Muziki uliotegemea ikulu ukapoteza nyumba yake kwa siku moja. Muyinda na wachache wengine waliendelea kufundisha, na hao ndio waliookoa uhai wake. Lakini jiulize msomaji, kama ile kazi ya 1955 na ile ya 1960 zisingeandikwa, leo vijana wa Kampala wangekuwa na nini cha kulinganishia wanachokumbuka?

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu karatasi.

Maana Bartók naye, yule wa karatasi zangu zilizofifia, hakuzitoa zile modi hewani. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 yeye na rafiki yake Zoltán Kodály walizunguka vijijini na mashine ya kurekodia ya Edison, wakiwasikiliza bibi za Kihungaria na Kislovakia kama mimi nilivyomsikiliza wangu. Kati ya 1908 na 1909 alitunga vipande vya watoto vilivyotokana na nyimbo hizo. Mtoto wa mjini Budapest akijifunza piano alikuwa anajifunza pia masikio ya bibi yake wa kijijini. Ilimgharimu Bartók maisha ya utafiti, na mwaka 1940 alilazimika kuikimbia nchi yake, akafariki New York mwaka 1945. Vile vipande vidogo vikabaki.

Mhungaria mwingine, György Ligeti, aliendeleza safari hiyo hadi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wake Roberto Sierra, wa Puerto Rico, alimletea rekodi za Simha Arom kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Pia alisoma maandishi ya Kubik kuhusu marimba za Uganda. Kuanzia 1985 hadi 2001 aliandika etudi 18 za piano. Ya kwanza kabisa, Désordre, mkono wa kulia unapiga vibonyezo vyeupe tu na wa kushoto vyeusi tu. Yaani ngazi ya sauti saba na ngazi ya sauti tano zinakimbia pamoja, na masikio yanasikia nyimbo ambazo hakuna mkono unaozipiga peke yake. Mnaikumbuka ile amadinda? Hekima ya mafundi wa Mengo ilisafiri hadi kumbi za Ulaya, na wapigaji piano hodari wa dunia wanatokwa jasho kuijifunza!

Msije mkadhani ni Wazungu tu. Ghana, Profesa Kwabena Nketia, aliyeishi hadi mwaka 2019, alichapisha mwaka 1994 kitabu cha vipande 12 vya kufundishia piano kwa namna ya Kiafrika. Vipande 12 tu! Lakini mtoto wa Accra anaweza kuanza kujifunza piano kwa midundo na sauti za nyumbani kwao. Mwenzake wa Nigeria, Akin Euba, alifanya jina la "upiano wa Kiafrika" lijulikane. Na hapa kwetu, Mchungaji Bernard Kyamanywa, Mlutheri kutoka upande wa Bukoba, alitunga mwaka 1966 Mfurahini, Haleluya akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira. Leo wimbo huo uko katika vitabu vya nyimbo vya Ujerumani, na kila Pasaka unapigwa huko kwa vinanda. Kwa hiyo njia ipo.

Ila lazima nijibu swali ambalo wengine wenu mmeshalibeba mdomoni: si umesema piano haina sauti ya bibi yako? Kweli. Tufanye hesabu kidogo. Wapimaji wa sauti huigawa oktava katika senti 1200. Piano inapanda kwa senti 100 kila kibonyezo. Amadinda, yenye hatua tano zinazokaribiana kulingana, inapanda kama senti 240 kila hatua. Tafuta 240 kwenye piano. Utapata 200, utapata 300, lakini 240 hutaipata. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki kurekodi katika miaka ya 1950, alibeba uma za kupimia sauti kwa sababu hiyohiyo, kwani alijua kinanda kitamdanganya. Bibi hakuwa Mganda na wimbo wake si wa amadinda, lakini mwanya wake ulikuwa wa ukoo huo.

Basi ukiuandika wimbo wa bibi kwa piano, umeupunguza. Nilikaa na jambo hili muda mrefu, nikaona heri niache. Kisha nikasikiliza wapigaji wa bluzi wa Marekani, Waafrika wenzetu waliopelekwa kule kwa minyororo. Nao walikuwa na sauti inayokaa katikati ya vibonyezo, na piano ikawakatalia. Walifanya nini? Wanagusa vibonyezo viwili vya jirani kwa pamoja, au wanateleza kutoka kimoja kwenda kingine upesi, na sikio linasikia kile kilicho katikati. Hawakuibadilisha piano. Waliilazimisha ikiri kwamba kuna kitu imekosa.

Nikarudi Magu. Safari hii nilipofika sauti ya tatu, nikagusa vyote viwili, polepole, cha chini kikitangulia kidogo. Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akacheka akasema kwamba bado si wimbo wake, ila sasa anamjua mama yake. Akaanza kuimba juu yake, akipita mle katikati kama kawaida, na mimi nikawa namsindikiza. Nilirekodi kwa simu. Usiku ule nikaandika kwenye karatasi moja, mistari michache, mkono wa kushoto ukizunguka palepale kama jembe, mkono wa kulia ukiwa na wimbo. Haifiki hata dakika mbili.

Simu ile niliibiwa kwenye foleni ya daladala kabla sijahamisha rekodi. Nikajipa moyo kwamba nitarudi nirekodi upya. Mnajua kazi zetu hizi za habari... wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu. Bibi alitutoka mwaka 2019. Wajomba wanaukumbuka mwanzo wa wimbo tu. Mama anakumbuka maneno lakini sauti anaichanganya na ya kwaya. Kilichobaki cha wimbo ule ni ile karatasi yangu moja, yenye vibonyezo viwili mahali palipotakiwa sauti moja.

Sijifananishi na Kyagambiddwa wala Kubik, hapana. Nasema tu kwamba sikuhitaji ikulu ichomwe ili nipoteze. Simu moja na uzembe kidogo vilitosha.

Ndugu zangu walimu wa kwaya, wapigaji vinanda wa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Entebbe, hoja yangu ni ndogo. Hatuhitaji kuanza na simfonia. Tuanze na vipande vifupi. Kila mmoja wetu ana bibi, au jirani mwenye zeze, au mzee anayejua wimbo wa kuvuta nyavu. Chukua wimbo mmoja. Uurekodi kwanza kama ulivyo, na rekodi uiweke mahali pawili. Kisha uandike kwa piano, ukurasa mmoja tu, uweke alama pale piano inaposhindwa. Usiifiche ile nyufa kwa kuichagulia nota iliyo karibu, maana nyufa hiyo ndiyo itakayomwambia mtoto wa kesho kwamba kuna sauti nje ya kinanda, aende akaitafute. Hazina ya kuanzia tunayo. Bujora iko pale. Mmarekani Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954.

Watatuambia kwamba tunauzungusha muziki wa asili, tunautia suti na tai. Nami nitawajibu kwamba suti ni bora kuliko sanda.

Mimi nimeshaanza. Jumamosi nafundisha watoto wanne wa mtaani kwetu kwenye kinanda changu cha kuazima. Wiki iliyopita niliwawekea ile karatasi. Binti mmoja wa miaka tisa alipofika sauti ya tatu akasimama, akanitazama, akasema, "Kaka, hapa mbona viko viwili? Nibonyeze kipi?"

Nikamwambia avibonyeze vyote viwili, kisha asikilize katikati.

Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda. Wenye nyimbo za bibi zao, msingoje likizo ijayo.